Mukwe Aliyefuata Mashini

Diski ya Osée haikukataa kabisa, na hiyo ndiyo ilimuchokesha. Kitu kinachokataa kabisa unakiweka chini, unasikitika kidogo, unaenda kula. Hii ilifungua mulango nusu, kama jirani mwenye nyama kwenye sufuria. Ukiichomeka, taa yake ndogo inawaka, jina lake linatokea, mafaili yanajipanga kama wanafunzi siku ya inspekteri. Ukitaka kuweka kitu ndani, ao kubadilisha hata herufi moja, Linux, ile programu inayoendesha mashini yake, inakujibu kwa adabu zote kwamba hapa ni kusoma tu, kuandika hapana. Na faili moja, ile yenyewe aliyokuwa anaitafuta, ilikuwa na jina bila kitu ndani. Ukubwa wake sifuri. Sahani yenye kifuniko kizuri, unafunua, unakuta harufu ya jana.

Faili hiyo iliitwa Mahari kwa Débora. Débora alikuwa ametoa binti yake kwa bwana mwishoni mwa kiangazi, na Osée ndiye alipiga filamu. Siku ile muzee Ézéchiel, baba ya Débora, alisimama mbele ya ngombe za mahari na fimbo yake, akazipita moja moja bila kusema, mpaka akafika kwa ngombe mumoja wa kahawia. Akamuangalia miguu. Akawauliza wakwe kama huyu naye alikuja kwa kutembea ao alibebwa. Watu walicheka mpaka mwenye ngombe akacheka. Muzee hakucheka. Alimukataa ngombe yule kwa hotuba ndefu, adabu na matusi vimechanganywa vizuri hata usijue umeshika nini, na wakwe wakaenda kumubadilisha.

Halafu mvua zikaanza, muzee akashikwa na kifua, akaenda. Jumamosi hii ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Watu wa ukoo walikuwa wanapanda kutoka Aveba, na kila mumoja alikuwa ameahidiwa kwamba atamuona muzee akikataa ngombe. Hakuna picha ingine ya muzee akisema. Ile ya kadi ya uchaguzi inamuonyesha kama mutu aliyekamatwa.

"Osée mwanangu, filamu iko?" Débora alikuwa anauliza kwa simu kila asubuhi.

"Iko inapikwa, mama."

"Hiyo nyama ya ngombe gani yenye haiivi?"

Osée alicheka naye, kisha akakata simu na kukaa akiangalia ukuta. Hakukuwa na mahali pengine pa kuitafuta. Kadi ya kamera ilikwisha kufutwa, ikaenda Bambu kupiga harusi ya mufanyabiashara wa dhahabu aliyevaa suti mbili siku moja. Vipande vilivyokatwa vilifutwa pia, kama kawaida yao, kwa sababu diski ni moja na harusi za watu haziishi. Filamu ya muzee ilikuwa kwenye diski hiyo ao haikuwa popote.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi alimwita Kasereka, mutu mzima mwenye mvi kidogo, fundi wa simu na mashini za kompyuta, aliyekuwa anakaa chini ya mwavuli karibu na mulango wa studio ya Osée. Walibadilisha kamba. Walibadilisha tundu. Walihamisha diski kwenye mashini ndogo ya Kasereka, nayo ya Linux, ikasema maneno yale yale. Kasereka akaitoa, akaipuliza, kwa maana hakuna fundi wa Bunia anayekata tamaa kabla hajapuliza. Akairudisha. Hakuna kitu.

Hapo akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika, akasoma majibu akitembeza midomo.

"Inasema nini?" Osée aliuliza.

"Inasema ilitoka ku mashini ingine ya Windows, na ile mashini haikuzimishwa. Ililazwa tu, halafu mutu akachomoa diski. Sasa ile mashini, ndani ya usingizi wake, ingali inawaza kama diski iko pale. Na Linux inaogopa kugusa kitu ya mwenyewe."

"Basi ilazimishe."

"Naweza. Ninaandika mustari moja, diski inasahau yule wa kwanza, inakubali yote." Kasereka akakuna shingo. "Lakini ile filamu yako, mashini ilikuwa haijamaliza kuimeza. Iko mu shavu. Tukilazimisha, tunapangusa mudomo."

Helikopta nyeupe ilipita juu ya paa, wakangoja iende na kelele yake.

"Dawa yake ni kurudisha diski ku ile mashini, tuiamshe, imalize kumeza, tuizimishe vizuri," Kasereka alisema. "Hiyo mashini iko ya nani?"

Barabarani mapikipiki yalikuwa yanapiga honi bila sababu, vile yanapiga.

"Ya Fifi," Osée alisema.

Kasereka akafunga mashini yake ndogo. Sehemu ile yote, toka muuza mikate mpaka mushona viatu, ilijua Fifi amerudi kwao.

Fifi alikuwa bibi ya Osée, muke wake, na ndiye alikuwa anakata filamu. Studio walitumia Linux, sababu wateja wanaleta vifunguo vyao vya USB vimejaa virusi kama mbwa wa soko na viroboto. Nyumbani Fifi alikuwa na mashini yake ya Windows, kwa kuwa kile chombo cha kukatia filamu hakikutaka kingine. Diski ilikuwa inatembea kati ya hizo mbili. Ndoa ilikuwa inatembea hivyo hivyo. Halafu shangazi Espérance, dada ya baba yake Fifi, akakufa, na baada ya musiba ule Fifi akasema anarudi kwao, juu ya jambo ambalo Osée alikuwa anajiambia ni dogo. Alifunika mashini yake na mukono moja, akafunga mufuko na mukono mwingine. Osée alisema, "Wacha diski." Na akaichomoa mwenyewe kwa kamba, kama mutu anayengoa muhogo.

Tangu siku ile alikuwa anajipikia. Mutu anayejipikia hukonda kwanza kwenye shingo.

"Twende," alimwambia Kasereka. "Unibebe na pikipiki yako mpaka kwao, Mudzipela."

"Nakubeba kwa ajili ya mashini tu," Kasereka alisema. "Mambo ya bibi yako sitaki kujua. Siye watu wa Butembo tuko na yetu."

Hapo ndipo walipokosea wote wawili, kila mumoja kwa upande wake. Bibi akirudi kwao, bwana hamufuati kama anayefuata kuku aliyeruka uzio. Anatafuta musemaji, mutu mwenye mvi na ulimi laini, anatanguliza mbuzi, anapiga simu mbele, na siku hiyo wakwe wanavaa. Mutu anayeingia kwa wakwe na mikono mitupu, bila taarifa, ni mwizi ao mulevi. Osée alijua hayo toka utotoni. Lakini uchovu unasahaulisha mutu hata jina la mama yake, na yeye njia yote alikuwa anawaza jambo moja: Fifi asiwe ameifungua ile mashini. Kasereka alikuwa amemuonya kwamba ikiamka bila kuona diski mahali pake, itatema kile ilichoshika.

Kwenye kiwanja cha wakwe, koko Bernadette, mama ya baba yake Fifi, alikuwa kwenye mukeka anachambua maharagwe. Alimuona kwanza. Macho yake yalikuwa yanaona vizuri kila kitu isipokuwa ule uzi wa sindano aliokuwa anawaambia wajukuu wamutungie.

"Bwana yangu amekuja," alisema, kwa maana koko ana haki ya kumwita bwana ya mujukuu wake bwana yangu. "Nilikuwa nimeshachoka kungoja. Kuna muzee mumoja wa kanisa anaanza kunisalimia mara mbili."

"Shikamoo, koko."

"Umekonda. Ni mapendo ao ni ugali mubichi?"

Baba mukwe, Théodore, mufugaji aliyebakiwa na ngombe wachache na sauti ya kundi zima, alitoka nyuma ya nyumba akifunga vifungo vya shati. Aliangalia pikipiki. Aliangalia kama kuna mbuzi aliyefungwa nyuma ya pikipiki. Hakuona mbuzi, lakini aliona mvi za Kasereka, na uso wake ukalainika. Alileta viti yeye mwenyewe. Kile cha mikono alimupa Kasereka.

"Muzee, karibu kwetu," alimwambia. "Tulikuwa tunangoja tuone nani atakuja kuleta maneno."

"Mimi ni fundi tu," Kasereka alisema.

Théodore akatikisa kichwa akiridhika. "Musemaji muzuri anaanza kwa kujishusha. Endelea."

Kasereka alimuangalia Osée. Osée alikuwa anaangalia miguu yake. Basi Kasereka, mutu wa kazi, asiyejua kwamba neno la kwanza kwa wakwe linazungushwa kama moshi kabla halijashuka, akasema vile lilivyo.

"Tumekuja juu ya mashini ya Fifi. Tunaiomba kidogo, tuifungue, tuizimishe vizuri, halafu tunaenda."

Maharagwe yaliacha kulia kwenye ungo. Kuku mumoja alipita katikati ya viti, na wote wakamufuata kwa macho mpaka akafika upande wa pili, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuangalia mwingine.

"Tangu musiba wa dada yangu," Théodore alisema polepole, "tumekaa tunaangalia njia. Mujomba wako hakuja. Mbuzi hakuja. Hata salamu haikuja. Leo nimesikia pikipiki, nikavaa shati. Kumbe umefuata mashini."

Osée alijua maneno mazuri ya kusema hapo, kila mukwe anayajua. Aliyatafuta akayakosa. Alikuwa amechoka hata kudanganya, na kudanganya, kama unavyojua, ni kazi ya mutu aliyekula.

"Ni kweli, baba," alisema. "Nimefuata mashini."

Koko Bernadette alicheka peke yake.

"Angalau huyu hasemi uongo," alisema. "Wale wengine wote walikuja hapa kufuata bibi zao walisema ni roho inauma. Kumbe walikuwa wamechoka kuosha sufuria."

"Mama, nyamaza," Théodore alisema.

"Nimekuzaa, sijakuandikia karatasi ya kunyamaza."

Fifi alitokea kwenye mulango na mikono yenye povu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kile cha nyumbani, na Osée alishangaa vile alivyomuona ni yule yule. Mutu akiondoka unafikiri atabadilika uso.

"Mashini iko chini ya kitanda," Fifi alisema. "Kuna nini nayo?"

"Umeifungua?" Osée aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na uzima. "Hata mara moja?"

Fifi alimugeukia koko.

"Umesikia vile ameuliza? Hakuuliza kama mimi ninalala. Ameuliza kama mashini imelala."

"Nimesikia," koko alisema. "Mujibu basi, nami nataka kujua."

"Sijaifungua. Plaki ya baba ya kutoa umeme wa jua inatosha simu tu. Na sikuwa na hamu ya kuona sura yake." Haikujulikana kama ni sura ya mashini ao ya mutu, na Fifi hakueleza.

Osée aliwaambia yote. Alisema juu ya muzee Ézéchiel, Jumamosi, watu wa Aveba, ile sifuri. Alisema bila kupamba, kama mutu anayemuonyesha munganga mahali panapouma. Fifi alimujua muzee. Alikuwa amekaa naye masaa mengi kwenye kioo cha mashini, anakata, anaunganisha, anarudisha ile hotuba mpaka naye akaweza kumukataa ngombe kwa sauti ile ile.

"Nilimaliza," alisema. "Siku ile niliona ule mustari wa kijani umefika mwisho, nikafuta vipande, ndiyo tukaanza kugombana. Filamu nilikupa imeisha."

"Nilichomoa diski kabla mashini haijamaliza kumeza."

"Ndio zako. Kuchomoa."

"Hakuna kitu kinatoka mu nyumba hii," Théodore alikata, "mbele ya mbuzi kuingia. Mimi sina neno na mashini. Nina neno na mutu." Akamugeukia Kasereka, maana bado alimuhesabu kuwa musemaji. "Muzee, ulijua alichofanya? Siku ya musiba wa dada yangu? Mukwe, siku ya musiba, anapasua kuni. Anabeba maji. Akishindwa yote hayo, anakaa chini na sisi, kukaa tu, hata mutoto anaweza. Huyu alikuja na kamera. Alinizunguka nikilia. Nilikuwa ninatafuta mahali pa kulia, kila nikigeuka nakuta kioo chake."

"Nilitaka iwe zawadi, baba," Osée alisema.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna mutu."

"Watu wa musiba waliniuliza, huyu fundi mumemulipa ngapi? Nikasema ni mukwe wangu. Wakacheka ndani ya tumbo."

Kasereka aliangalia mikono yake, mikubwa, yenye mafuta ya solda. Hakuna aliyemwambia kwamba ataletwa mpaka hapa.

Osée angeweza kusema kwamba usiku ule wa musiba alipiga filamu ili asione. Kwamba shangazi Espérance ndiye aliyemutetea alipokuja kuomba Fifi, na hakuweza kumuangalia kwa macho matupu amelala kwenye ubao wa maiti. Lakini hayo yalikuwa marefu. Alisema kile kilichokuwa karibu.

"Baba, nikiwa bila kamera sijui mikono niiweke wapi."

Théodore aliinua mukono ili ajibu, akauangalia, akaurudisha kwenye goti.

"Muzee Ézéchiel hakunikosea kitu," Fifi alisema kutoka mulangoni. "Na filamu ile ni mukono wangu. Baba, umesema hakuna kitu kitoke. Hakitoki. Mashini inabaki ndani. Diski ndiyo itaingia."

Koko alipiga ungo kidogo na vidole, akifurahi. Théodore alitafuta kosa katika neno hilo, akalizunguka pande zote kama muzee na ngombe wa kahawia. Hakupata muguu mubaya.

"Iingie," alisema.

Basi kazi ikaanza, na kazi hiyo ilikuwa ya kungoja. Kwenye meza ya ndani kulikuwa na betri kubwa ya plaki, na juu yake simu za jirani wote zimeshikamana kama ndama kwenye kiwele. Koko aliingia akazichomoa mwenyewe.

"Hii ya nani? Ya Aimé. Aimé angoje, hana mutu wa kumupigia. Hii ya mama Alphonsine. Huyu naye asipoongea siku moja, mtaa wote utapumzika."

Fifi alileta mashini, vumbi la chini ya kitanda likiwa juu yake. Alitaka kuifunua, Kasereka na Osée wakanyoosha mikono pamoja.

"Diski kwanza," Kasereka alisema. "Mu tundu ile ile. Halafu njo tunafungua. Ilikuwa tundu gani?"

"Ya kushoto," Osée alisema.

"Ya kushoto," Fifi alisema wakati ule ule. "Ya kulia alimwagia chai."

Walichomeka diski. Walichomeka umeme. Fifi akafunua, akagusa. Kioo kikabaki cheusi muda mrefu, na ndani yake wakajiona wote wamepangwa: Fifi, Osée nyuma yake, Kasereka, sikio la koko. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mulima, na plaki ilikuwa inaanza kunyimwa jua.

Halafu mashini ikavuta pumzi. Kidude kikazunguka, kikazunguka. Kikatokea kile kioo cha siku ile, vile kilivyoachwa: madirisha yale yale, na saa kwenye kona bado ikisema saa ya ugomvi wao, kabla haijashtuka na kuruka mpaka leo. Osée aliiona ile saa. Alijua Fifi naye ameiona, kwa vile alivyohama kidogo kwenye kiti.

Taa ya diski ilianza kupepesa.

"Inameza," Kasereka alisema kwa sauti ya kanisa. "Musiguse. Hata kukohoa, mukohoe nje."

Ilimeza. Ilisimama. Watu wakasimamisha pumzi. Ikameza tena. Betri ya plaki ikalia mara moja kuonya, na Théodore, ambaye hakuwa na neno na mashini, alionekana dirishani akipangusa plaki kwa mukono wa shati lake, lile alilokuwa amevalia wageni.

Taa ikatulia. Fifi akafungua filamu. Sifuri ilikuwa imeondoka. Muzee Ézéchiel akasimama katikati ya kioo na fimbo yake, hai kabisa, akawauliza wakwe wa Débora kama ngombe huyu alikuja kwa kutembea ao alibebwa.

Koko alicheka kabla ya wengine. Théodore aliingia, akajipenyeza kati ya Osée na Kasereka, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Muzee alikuwa na haki," alisema. "Angalieni ukwato wa nyuma. Huyo ngombe hata kwa bure ungelipa usumbufu." Wakaangalia mpaka mwisho wa hotuba, na hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na kesi.

Fifi ndiye aliyefunga. Alifunga filamu, akafunga madirisha moja moja, akaipa diski ruhusa ya kutoka, akangoja mashini ikubali. Halafu akaizimisha. Hakuilaza, aliizimisha kabisa, akaweka kiganja juu yake mpaka kile kifeni cha ndani kikanyamaza. Kasereka alihamisha diski kwenye mashini yake ndogo. Alijaribu kuandika kitu ndani. Akajaribu tena, kwa sababu alizoea kutukanwa na mashini.

"Imekubali," alisema. "Kusoma na kuandika."

Osée alisimama. Débora alikuwa anangoja, na tone la kwanza lilikuwa limeanguka kwenye bati.

"Unaenda wapi?" Théodore aliuliza.

"Kupeleka filamu, baba."

"Nani amekupa njia?"

Na hiyo nayo ilikuwa kweli. Mukwe akishaingia, hata akiingia vibaya, hatoki mpaka ale, na mpaka mwenye nyumba aseme, nenda. Fundi tu ndiye anatoka kazi ikiisha. Osée aliangalia diski, akaangalia kile kiti cha nje kilicholetwa chini ya paa. Jambo hili alilibeba wiki nyingi, na alitaka mukono wa mwisho uwe wake: alitaka kumuona Débora akifungua, alitaka kuwa yeye anayemupa. Alimupa Kasereka diski.

"Umuambie mama Débora imeiva."

"Na weye?"

Osée alikwisha kugeukia kile kiti. Kasereka aliweka diski ndani ya plastiki, plastiki ndani ya koti, akawasha pikipiki yake akiwa na furaha ya mutu anayetoka kwenye ndoa ya watu. Mvua ikamufunika kabla hajafika kona.

Osée alikaa. Théodore alikaa mbele yake, tayari kwa maneno, maana sasa maneno yenyewe ndiyo yalikuwa yanaanza: mujomba gani, siku gani, mbuzi wa rangi gani. Aliyaanza vizuri, kwa mbali, kwa habari ya mvua ya mwaka jana. Alipofika mahali pa kumuuliza mukwe wake kitu, aliona kichwa chake kimeanguka kifuani. Mikono yake ilikuwa imekaa juu ya mapaja, wazi, haishiki kitu.

"Analala," Théodore alisema, na hakujua kama akasirike. "Ninaongea naye, analala."

"Muache," koko Bernadette alisema. Alikuwa amerudi kwenye maharagwe yake. "Siku ya musiba ulimutaka akae. Amekaa."

Fifi alikuja na sahani, akaiona hali, akaiweka kwenye kiti cha Kasereka na kuifunika. Simu ya Osée ilianza kulia mufukoni mwake. Hakuamka. Fifi alingoja ilie, ikalia, ikanyamaza, ikaanza tena. Mwisho akaingiza vidole viwili, akaitoa bila kumugusa sana.

"Osée mwanangu," sauti ya Débora ilisema, "filamu iko?"

"Iko njiani, mama Débora. Fundi ameibeba. Ni Fifi."

"Fifi? Yule wa Osée?"

"Fifi yenye aliikata."

Débora alilipima neno hilo. "Na Osée iko wapi?"

Fifi aliangalia mutu aliyelala kwenye kiti cha baba yake, mudomo wazi, shingo imekonda, mvua ikimurushia vitone kwenye viatu.

"Amelala," alisema. "Nikimuamsha nitamuambia umepiga."

Akakata simu. Akashika mugongo wa kiti na kukivuta ndani kidogo, mutu akiwa juu yake, mpaka vitone vikaacha kufika.